Nagoya kuna joto kama Tanga, mbona ndiko kwenye wapenzi wa kuteleza kwenye barafu?

Pangani_Mjini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Nagoya, Japani, mwaka wa sita sasa. Nilikuja kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Kwetu ni Tanga, kwa hiyo nikisema joto najua ninachokisema. Agosti ya huku inakulowesha blauzi kabla hujafika kituo cha treni. Theluji huanguka siku chache tu kwa mwaka, na mara nyingi ikifika mchana imeshayeyuka.

Halafu mji huu huu ndio uliomtoa Midori Ito, mwanamke wa kwanza kuruka akseli (mruko unaoanzwa ukitazama mbele) ya mizunguko mitatu katika mashindano ya kuteleza kwa madoido, yaani kuruka na kuzunguka kwa muziki, mwaka 1988, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Ukamtoa Miki Ando, bingwa wa dunia 2007 na 2011. Ukamtoa Mao Asada, bingwa wa dunia mara 3. Ukamtoa Shoma Uno, bingwa wa 2022 na 2023. Mji mmoja! Kadhaa kati yao walipitia kiwanja kimoja kilichoko mtaa wa Osu, karibu na hekalu na maduka ya nguo za mitumba. Ukipita nje huwezi kujua kwamba ndani kuna barafu.

Nilianza kuupenda mchezo huu kwa sababu ya bibi jirani yangu. Ana miaka zaidi ya sabini. Jumamosi moja aligonga mlango, akasema nivae koti twende. Nikashangaa, koti la nini mwezi wa tisa? Kumbe ananipeleka kwenye mashindano ya watoto wa mitaa. Tukakaa kwenye mabenchi ya mbao, yeye na blanketi lake la magotini na chupa ya chai, mimi natetemeka. Akaingia binti wa miaka kama kumi na miwili hivi, akaruka, akatua vizuri kabisa. Nikapiga makofi. Bibi hakupiga. Akaniinamia sikioni: "Ameingilia makali ya ndani."

Sikuelewa. Wakati wa mapumziko akanifafanulia kwa kisu cha kukatia tunda. Chuma cha chini ya kiatu si bapa, kina mfereji katikati, kwa hiyo kina makali mawili, la ndani na la nje. Kuna mruko unaoitwa luzi ambao lazima uanze kwa makali ya nje, huku mwili unataka kuzunguka upande mwingine, na ndiyo maana ni mgumu. Yule mtoto dakika ya mwisho alilala upande wa ndani. Kosa la nusu sekunde, mita thelathini kutoka tulipokaa, na bibi kaliona. Hajawahi kuvaa viatu vya barafu maishani mwake.

Mwishoni akaingia mwingine, akaanguka mara tatu. Kila akiinuka ukumbi mzima unampigia makofi ya mdundo ili muziki usimwache. Alipomaliza akainama pande zote, analia, na bibi yangu naye analia.

Sasa swali langu kwenu mlioko nchi za baridi kweli kweli: kwenu mambo yakoje? Maana nilidhani mchezo wa barafu utapendwa zaidi penye barafu nyingi, na ninavyofuatilia naona si hivyo hata kidogo.

Babu_Leningrad

Wanangu, nimefurahi kuukuta uzi huu. Mimi niko Unguja, nimestaafu, lakini nilisoma Leningrad, Urusi ya Kisovieti (leo St. Petersburg), kuanzia 1978 hadi 1984. Mada hii imenirudisha mbali.

Kule kipindi chetu mchezo huu ulikuwa wa kila nyumba. Majira ya baridi, mlinzi wa jengo anatoa mpira wa maji usiku, anamwagia uwanja wa katikati ya maghorofa, asubuhi watoto wanateleza. Hakuna kiingilio. Mtoto mwenye kipaji anachukuliwa na shule ya michezo, kocha analipwa na serikali, viatu vinatoka serikalini. Mzazi mfanyakazi wa kiwandani na mzazi profesa, watoto wao wako barafu moja.

Kwenye bweni letu palikuwa na televisheni moja, chumba cha chini. Februari 1980 ilikuwa Olimpiki ya Lake Placid, kule Marekani. Irina Rodnina alikuwa amejifungua mtoto mwaka mmoja tu nyuma, akarudi na mumewe Zaitsev, wakachukua dhahabu. Kwake ilikuwa ya tatu. Wimbo wa taifa ukipigwa, chozi likamshuka shavuni. Yule mama mlinzi wa bweni, mkali ajabu, ambaye sisi wanafunzi kutoka Afrika tulikuwa tunamwogopa kuliko mtihani, alikaa pale kwenye kiti cha mbao anajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Siku hiyo ndiyo nilianza kuongea naye.

Mchezo wa jozi, mwanamume na mwanamke, Warusi waliushika tangu Olimpiki ya 1964 hadi 2006 bila kuachia dhahabu hata mara moja. Wachina ndio waliokuja kuuvunja mwiko huo mwaka 2010, Shen Xue na Zhao Hongbo.

Lakini niseme na upande wa pili. Waliofungua njia hiyo ni Belousova na Protopopov, watu wa Leningrad hapo hapo, mabingwa wa 1964 na 1968. Mwaka 1979 walikwenda Uswisi kwa maonyesho wakakataa kurudi. Basi, majina yao yakakoma kutajwa. Siku moja nikamuuliza yule mama wa bweni kuhusu hao wawili, kwa sababu nilikuta picha yao kwenye gazeti kuukuu. Akaangalia mlango kwanza. Kisha akasema taratibu, "Walikuwa wazuri kuliko wote." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo mwanangu wa Tanga, kule mchezo ulipendwa na watu, na serikali nayo ikaupenda kwa sababu zake. Vyote viwili vilikwenda pamoja.

Pangani_Mjini

Babu shikamoo. Ahsante sana kwa hii. Nimeisoma mara mbili.

Babu_Leningrad

Marahaba mwanangu.

Mwanaidi_NL

Habari zenu. Mimi niko Heerenveen, kaskazini mwa Uholanzi, na nathibitisha alichosema mleta mada.

Hapa barafu ni dini. Mto ukiganda kidogo tu, watu wazima wanaomba ruhusa kazini. Mji wetu una uwanja wa Thialf, ukienda siku ya mashindano unakuta watu wamevaa rangi ya chungwa kuanzia kofia hadi soksi, na bendi za matarumbeta. Lakini ni kuteleza kwa MBIO. Kuna mbio za miji kumi na moja ya Friesland, kama kilomita 200 kwenye mifereji iliyoganda, ambazo hufanyika barafu ikiwa nene vya kutosha tu. Mara ya mwisho ilikuwa Januari 1997, na hadi leo mkwe wangu kila baridi ikizidi anatoka nje na rula kwenda kupima barafu ya mfereji.

Kuteleza kwa madoido? Waulize Waholanzi kumi wakutajie mtelezaji mmoja wa kwao. Wazee watakutajia Sjoukje Dijkstra. Na ajabu ni kwamba huyo mama ndiye aliyewaletea Waholanzi dhahabu yao ya KWANZA kabisa ya Olimpiki ya majira ya baridi, mwaka 1964. Mbio zilikuwa bado hazijaleta dhahabu! Lakini njia aliyoifungua hawakuifuata wengi. Sochi 2014 Uholanzi ilipata medali 24, na zote 24 ni za mbio, 23 uwanja mrefu na moja uwanja mfupi.

Nimeishi nao miaka kumi na nne na nina maoni yangu. Mholanzi anapenda kitu kinachopimika. Saa imesema, basi, hakuna mjadala. Mkwe wangu nilimkalisha siku moja tutazame dansi ya barafu. Dakika mbili akauliza, "Nani anaongoza?" Nikamwambia hatujui hadi majaji waseme. Akainuka kwenda kutengeneza kahawa. Si kwamba hana moyo, mbio za mita elfu kumi anaweza kukaa anatazama mtu anazunguka mara ishirini na tano, anahesabu kila mzunguko kwa sekunde na anaingiwa na uchungu kabisa. Jicho lake limefundishwa kuona kitu kingine.

Mama_Twin_Cities

Wapendwa, mimi ni mama wa watoto wawili, Minnesota. Nilizaliwa Machakos. Binti yangu anateleza tangu ana miaka sita, sasa ana kumi na tatu, kwa hiyo upande wa Marekani naujua kwa mfuko wangu.

Hapa barafu iko kila mahali, lakini ni ya hoki. Wavulana wa hoki ndio wenye saa nzuri za jioni. Sisi wa madoido tunapewa saa kumi na moja alfajiri. Naamka saa tisa na nusu, napasha gari moto, nambeba amelala na blanketi. Halafu barafu yenyewe inakuwa si ya kwetu. Hoki wanataka barafu ya baridi zaidi, ngumu, ili waende kasi. Mtelezaji wa madoido anataka iwe laini kidogo ili chuma kishike anapotua. Kwa hiyo binti yangu anajifunza kutua juu ya barafu iliyotengenezwa kwa ajili ya wengine, na magoti yake ndiyo yanayojua tofauti.

Na kila kitu unalipia mwenyewe. Saa ya barafu unalipia, kocha unalipia kwa dakika, viatu unanunua na chuma chake unanunua kando, nguo, muziki, safari. Babu kule juu aliposema viatu vilitoka serikalini, niliacha simu nikakaa kimya. Ukiangalia familia zilizopo pale alfajiri utaelewa kwa nini mtoto mweusi ni mmoja au hakuna. Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia 1986, na mwaka 1988 akapata shaba kule Calgary, mtu mweusi wa kwanza kupata medali yoyote kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Binti yangu ana picha yake ukutani. Ni ya zamani kuliko ndoa yangu!

Kuhusu umaarufu: wenyeji wananiambia miaka ya 1990 mchezo huu ulikuwa juu sana. Januari 1994 Nancy Kerrigan alipigwa goti kwa rungu akitoka mazoezini Detroit, na ikaja kujulikana kwamba shambulio lilipangwa na watu wa karibu na mpinzani wake Tonya Harding. Mwezi uliofuata wakakutana kwenye barafu moja Lillehammer, na karibu nusu ya nyumba zenye televisheni Marekani zilikuwa zinatazama. Dhahabu ikaenda kwa Oksana Baiul wa Ukraine, binti wa miaka 16. Watu walikuja kwa ajili ya kisa. Kisa kilipokwisha, na baada ya kizazi cha Michelle Kwan kupita, wengi waliondoka. Sasa wengi wanakumbuka mchezo huu kila baada ya miaka minne, na wakikumbuka wanauliza kitu kimoja tu, "Tumepata medali?"

Kitu kingine ni alama. Zamani kulikuwa na 6.0. Bibi yeyote sebuleni alielewa kwamba 5.9 ni karibu na ukamilifu. Mwaka 2002 Salt Lake City ukatokea mzozo wa majaji kwenye mchezo wa jozi, hadi wakatoa dhahabu mbili, Warusi na Wakanada, na kutoka 2004 ukaletwa mfumo mpya wa kujumlisha kila mruko na kila mzunguko. Ni wa haki zaidi, mimi nautetea. Lakini sasa mtu anaambiwa "alama mia mbili na kumi na mbili nukta nne" na hajui afurahi au ahuzunike.

Niseme na hili, kwa sababu siwezi kuandika juu ya mchezo huu nisilitaje. Januari 29, 2025, ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi karibu na Washington, watu 67 wakafa. Ndani mlikuwa na watoto watelezaji, wazazi wao na makocha, wakitoka kambi ya mazoezi baada ya mashindano ya taifa. Mama zao walikuwa kama mimi, waliamka saa tisa na nusu miaka yote. Wazee wa klabu yetu walikumbuka mwaka 1961, ndege iliyoanguka karibu na Brussels ikaua timu nzima ya Marekani. Alfajiri ya baada ya ajali ile ya Washington hakuna kocha aliyewasha muziki. Watoto waliteleza kimya, unasikia chuma tu kinakwaruza.

Mwanaidi_NL

Pole sana dada. Pole sana.

Pangani_Mjini

Pole mama. Huku pia ilikuwa habari ya kwanza. Bibi jirani alikuja kunieleza huku ameshika gazeti.

Umegusa jambo la medali, na hapo ndipo naona tofauti kubwa na Japani. Sochi 2014, Mao Asada alianguka vibaya kwenye onyesho fupi, akawa wa 16. Mtu aliyekuwa anategemewa na nchi nzima! Kesho yake akaingia kwenye onyesho refu, akaruka ile akseli yake, akamaliza yote, kisha akatazama juu akalia. Akapanda hadi nafasi ya sita. Nafasi ya sita, hakuna medali. Lakini muulize Mjapani yeyote wa rika la mama zetu kuhusu Mao, hatakutajia kwanza fedha ya Vancouver. Atakutajia usiku ule wa nafasi ya sita, na atakwambia alikuwa wapi, maana kwa saa za huku ilikuwa usiku wa manane na watu walikesha kutazama.

Nadhani ndiyo maana mtelezaji wa kiume Yuzuru Hanyu akapendwa namna ile. Ni mtoto wa Sendai. Machi 11, 2011, tetemeko lilipopiga alikuwa mazoezini, akatoka mbio akiwa na viatu vya barafu miguuni, kiwanja kikafungwa kwa kuharibika, akawa anafanya mazoezi kwa kuzunguka kwenye maonyesho ya miji mingine. Miaka mitatu baadaye ana dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 2018 ya pili. Baada ya kustaafu mashindano mwaka 2022, Februari 2023 aliteleza peke yake kwenye uwanja wa besiboli wa Tokyo mbele ya watu 35,000. Mtu mmoja, barafu moja, na tiketi zimekwisha.

Na kingine cha kuona kwa macho: kabla ya korona watu walikuwa wanarusha maua kwenye barafu, lakini kila ua limefungwa plastiki kabisa, kingo zote, ili jani hata moja lisidondoke likamwangusha anayefuata. Bibi jirani alikuwa anayafunga mezani kwangu usiku wa kuamkia mashindano, kwa gundi ya karatasi, na akimaliza anageuza ua kichwa chini na kulitikisa. Anayefuata anaweza kuwa mpinzani kutoka nchi nyingine, haijalishi. Wana hata bendera ndogo za nchi za wageni, wanazileta kwenye mkoba.

Kiboko_wa_Ruaha

Naomba kuuliza bila kuudhi mtu. Je, si kwamba nchi ikipata shujaa mmoja basi mchezo unapendwa? Japani ina Hanyu, Korea ina yule malkia wao. Tukipata shujaa wetu na sisi tutaupenda.

Pangani_Mjini

Hujaudhi mtu, mkuu. Korea ni mfano mzuri wa hoja yako. Kabla ya Yuna Kim hakuna Mkorea aliyewahi kukaribia. Yeye alifanya mazoezi usiku wa manane kwenye kiwanja cha bustani ya burudani Seoul, wateja wakishaondoka, baadaye akahamia Toronto. Mwaka 2010 Vancouver akapata alama 228.56, rekodi ya wakati ule. Aliposhika nafasi ya pili 2014 nyuma ya Mrusi, zaidi ya watu milioni moja walitia saini mtandaoni kupinga. Mwaka 2018 ndiye aliyewasha mwenge wa PyeongChang. Na waliokua wakimtazama wamefika: kwenye ubingwa wa dunia wa 2023 Saitama, Lee Hae-in na Cha Jun-hwan wote wawili walipata fedha.

Lakini itazame Norwe. Sonja Henie alishinda dhahabu 3 za Olimpiki, 1928, 1932 na 1936, na ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo. Hakuna mwanamke aliyefikia hapo. Akaenda Hollywood akawa nyota wa filamu. Na Norwe? Wakarudi kwenye skii zao. Shujaa walikuwa naye, tena mkubwa kuliko wote.

Kijana_Leipzig

Kiboko, umesema tukipata shujaa wetu. Ngoja nikwambie kitu ambacho kimekaa moyoni mwangu muda mrefu.

Robin Szolkowy. Alizaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, mwaka 1979. Mama Mjerumani, baba MTANZANIA. Akiteleza na Aljona Savchenko walikuwa mabingwa wa dunia wa mchezo wa jozi mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Shaba mbili za Olimpiki, Vancouver na Sochi. Mara tano bingwa wa dunia, wakuu. Taja Mtanzania au mtoto wa Mtanzania mwenye ubingwa wa dunia mara tano kwenye mchezo wowote.

Nilipofika huku 2012 nilimwona kwenye televisheni ya mwenye nyumba wangu, nikaruka kutoka kwenye kiti. Nikapiga simu nyumbani Moshi. Nikawaeleza kaka zangu, rafiki zangu wa shule, mwalimu wangu wa michezo. Hakuna aliyemjua, na nilipojaribu kueleza anafanya nini, nilikosa maneno. "Anateleza na mwanamke juu ya barafu, anamrusha, halafu anamdaka." Wakacheka wakadhani ni sarakasi.

Mwaka wa Vancouver onyesho lao refu lilikuwa na muziki wa filamu maarufu iliyopigwa Kenya miaka ya 1980. Mtoto wa Mtanzania, muziki wa nyika zetu, mbele ya dunia nzima, na sisi hatukuwepo.

Kwa hiyo shujaa tulikuwa naye. Alikosa wa kumtazama.

Na Wajerumani wenyewe, ukitaka kujua: mwenye nyumba wangu ni mama wa Chemnitz, mji aliofanyia mazoezi Szolkowy, na kabla yake Katarina Witt, dhahabu 1984 na 1988. Enzi za Witt, anasema, barabara zilikuwa tupu. Siku hizi wikendi za baridi televisheni imejaa wale wa skii na bunduki, na mchezo huu unaonyeshwa kwa nadra. Alinilalamikia, "Mtoto wetu alikuwa bingwa mara tano na tulimwonyesha nusu saa."

Kiboko_wa_Ruaha

Duh. Sikulijua hili kabisa. Nimeishiwa maneno. Naenda kumtafuta sasa hivi.

Nasra_Muscat

Salaam aleikum. Nimekaa Dubai miaka minane kabla ya kurudi Muscat, nami nina langu.

Huku Ghuba barafu imekuja kwa fedha. Kiwanja cha ndani ya duka kubwa la Dubai kina ukubwa wa Olimpiki, kimekuwepo tangu 2008, nje joto digrii arobaini na tano. Lakini barafu yake ni ya kukodi: unalipa, unapewa viatu, unazunguka na watoto ukishika ukuta, unakwenda kula. Wa kukaa kutazama ni wale wanaosubiri watoto wao.

Ila kuna Zahra Lari wa Abu Dhabi. Alianza akiwa na miaka kumi na moja, anateleza na hijabu. Mwaka 2012 kwenye mashindano Italia alikatwa alama kwa sababu ya kitambaa cha kichwani, kilihesabiwa kama pambo la ziada. Alikwenda akaeleza, akaonyesha, na kanuni ikabadilishwa. Wanangu wawili wa kike walianza kwa sababu yake. Mume wangu mwanzoni alikuwa na wasiwasi, binti kuzunguka mbele za watu kwa muziki, si mila yetu. Sikubishana naye. Nilimpeleka akaone. Alikaa na tasbihi yake, na mtoto alipoanguka alikuwa wa kwanza kusimama. Sasa yeye ndiye anayewapeleka.

Atieno_South_B

Nikiongezea ya Nairobi: uwanja wa barafu ulifunguliwa 2005 kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kilichomea pale ni hoki, ile timu ya Ice Lions, vijana walianza wakicheza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Madoido yalihitaji kocha wa kukaa na mtoto miaka kumi. Hoki unaweza kuanza na marafiki. Nilikwenda pale nikiwa na miaka kumi na tisa, nikazunguka nusu saa, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua mwili wangu unaweza kwenda bila kupiga hatua. Bado nakumbuka.

Mama_Twin_Cities

Kijana_Leipzig, nimemwonyesha binti yangu Szolkowy jana usiku. Akauliza, "Mum, ni wa kwetu?" Nikamwambia baba yake ni jirani yetu, Tanzania. Amechapisha picha. Iko ukutani karibu na Debi Thomas.

Kijana_Leipzig

Mama, umenitoa machozi. Mpe salamu zangu.

Babu_Leningrad

Wanangu, nimerudi na habari.

Jana baada ya magharibi nilimwomba mjukuu aniwekee huyo Szolkowy kwenye simu, nikaenda naye barazani. Tulikuwa sita, kahawa imeshamiminwa. Nikawaambia huyu baba yake ni mtu wa bara. Wakasogea.

Mwanzo walikuwa wanaongea, mara bei ya dagaa, mara mpira. Alipomwinua yule binti juu ya kichwa kwa mkono mmoja huku anakwenda kinyumenyume, wakanyamaza. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa na yule mama wa bweni miaka ile: msitazame mikono, tazameni miguu, tazameni kama magoti yao yanakunja pamoja. Jozi mbaya utaona goti moja linachelewa. Fundi Makame, aliyetengeneza makasha ya mbao maisha yake yote na hajui barafu zaidi ya ile ya kwenye friza ya samaki, akasema, "Hawachelewi hawa. Wamepimwa kwa kamba moja."

Ikafika pale anapomrusha, akazunguka hewani mara tatu, akatua kwa mguu mmoja, akaendelea kuteleza kama vile hakuna kilichotokea. Muziki ukaisha. Mjukuu akataka kuchukua simu yake.

Makame akamshika mkono. "Irudishe pale alipomrusha," akasema. "Nataka kuona ule mguu."